Kompyuta ya Msikiti na Kisima cha Wote



Mwishoni mwa mwezi wa Shaaban mwaka 1446, siku chache kabla ya kuandama kwa mwezi wa Ramadhani, kompyuta ya ofisi ya msikiti wetu hapa Mtwara ilikataa kufungua mafaili. Ndani yake mlikuwa na orodha ya yatima na wajane wa mtaa, hesabu za mikorosho ya wakfu, rejista ya wanafunzi wa madrasa na majina ya waliochangia ukarabati wa vyoo na visima vya udhu. Kila faili tulilolibonyeza lilitupa maandishi yasiyosomeka.

Tulimwita fundi kijana wa mtaani, aliyesoma madrasa yetu kabla ya kwenda chuo cha ufundi. Aliketi mbele ya mashine hiyo kutoka Adhuhuri hadi Alasiri, kisha akatueleza mambo mawili. La kwanza, kirusi kilichoingia kwa njia ya flashi kilikuwa kimeyafunga mafaili yote, na yeye hakuwa na namna ya kuyafungua. La pili lilituuma zaidi. "Ustadhi," alisema kwa sauti ya chini, "mfumo endeshi uliomo humu haukununuliwa. Ni nakala iliyovunjwa kufuli. Aliyeivunja aliziba na mlango wa kupokea masahihisho ya usalama ili asigundulike. Mashine hii imelala mlango wazi miaka yote."

Hatukuwa tukijua. Kompyuta tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na muuzaji akatuwekea kila programu kuwa ni zawadi ya mteja. Hatukumwuliza zilikotoka, naye hakutuambia. Lakini kutojua hakukuturudishia orodha. Kwa siku tisa wanakamati na akina mama wa msikiti walizunguka nyumba kwa nyumba kuandika upya majina. Daftari la mkono la katibu aliyetutangulia, Allah amrehemu, lilitusaidia sana, ila liliishia miaka minne nyuma. Familia mbili za yatima zilizokuwa zimehamia mtaa mwingine hatukuzipata mpaka Idi ilipokwisha kuswaliwa. Zakatul-fitri ina wakati wake, na wakati wa familia hizo ulipita mikononi mwetu. Tulichowapelekea baadaye kilikuwa sadaka tu.

Makala haya yametoka katika masikitiko ya siku zile. Tunayaandika kwa ajili ya kamati za misikiti, walimu wa madrasa na wazazi wenye kompyuta nyumbani, maana tuliyojifunza baada ya hapo yanahusu mali, amana na elimu.

Programu mama na waliyoifungua

Kompyuta bila mfumo endeshi ni chuma na plastiki. Mfumo endeshi ndiyo programu mama: ndiyo inayoamka mashine inapowashwa, inayoipa kila programu nyingine nafasi ya kufanya kazi, inayoitambua printa, inayotunza mafaili na kuulinda mlango. Wengi wetu tunaifahamu Windows peke yake, na kwa hiyo tunadhani kompyuta na Windows ni kitu kimoja. Windows ni mali ya kampuni ya Microsoft ya Marekani, nayo hutumika kwa leseni. Msimbo wake, yaani maandishi ambayo wataalamu huyaandika ili kuiamuru mashine, umefichwa. Mtumiaji hapewi ruhusa ya kuusoma wala kuubadili.

Ipo njia nyingine. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akiwa na nia ya kuandika mfumo endeshi ambao kila mtu atakuwa na uhuru wa kuutumia, kuuchunguza, kuunakili na kuurekebisha. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo wa namna hiyo, kikaitwa Linux, akakiweka wazi ili wengine wamsaidie. Vitu hivyo viwili vilipokutana, mfumo ulikamilika. Programu za aina hii huitwa programu huria. Wala hazipo mbali nasi: simu nyingi zilizomo mifukoni mwetu, kutoka Shangani hadi Msimbati, zinaendeshwa na Android, na kiini cha Android ni Linux.

Je, nakala iliyovunjwa ni halali?

Swali hili liliulizwa katika kikao chetu cha kwanza baada ya Idi, na lilizua mjadala mrefu. Mzee mmoja alisema kuwa maarifa hayana mwenyewe, na kwamba kampuni ile ni tajiri, haitaumia kwa mashine moja ya Mtwara. Sisi hatutoi fatwa. Hilo ni la wenye elimu kutuzidi. Tulichokifanya ni kurejea kwa wanazuoni. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 5 kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, lilipitisha kuwa haki za utunzi, uvumbuzi na jina la biashara ni haki za wenyewe zinazotambuliwa kisheria, zina thamani ya mali, na haijuzu kuzivamia. Sheria ya nchi yetu nayo, ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu.

Basi msikiti, ambao ndani yake tunawahimiza watu wapime kwa haki na watimize ahadi, ulikuwa ukiandika hesabu za zaka juu ya kitu kilichochukuliwa bila ridhaa ya mwenyewe. Mzee yule aliposikia hivyo alinyamaza, kisha akasema, "Kama ni hivyo, tununue au tuache." Kununua leseni halali ni jambo jema na hatumkatazi mwenye uwezo. Ila kompyuta zetu zilikuwa tatu, zote kuukuu, na fedha zilizokuwapo ni za mikorosho ya wakfu, ambazo aliyeweka wakfu alizielekeza kwa yatima na madrasa. Ndipo tukaitazama njia ya tatu.

Kisima cha Ruma

Wasomaji wetu wanakijua kisa cha kisima cha Ruma. Waislamu walipohamia Madina, maji matamu yalikuwa machache, na kisima hicho kilikuwa na mwenyewe aliyeyauza. Mtume (S.A.W.) alihimiza apatikane mtu wa kukinunua na kukifanya cha Waislamu wote, kisha yeye mwenyewe achote sawa na wengine. Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) alikinunua kwa mali yake, akakitoa kwa ajili ya Allah. Tangu siku hiyo tajiri na fukara walichota pamoja.

Programu huria zinafanana na kisima hicho kwa mambo kadhaa. Aliyeziandika ameruhusu zichotwe bila malipo. Leseni yake mashuhuri, inayoitwa GPL, ina sharti lifananalo na sharti la mweka wakfu: ukiipokea programu ikiwa huru, ukaiboresha na kuisambaza, nawe huna budi kumpa mwenzako uhuru uleule uliopewa. Mtu hawezi kukijengea ukuta kisima alichokikuta wazi. Ulinganisho huu una mpaka, kwani wakfu wa kisheria hauuzwi, ilhali leseni hii inaruhusu mtu kutoza fedha kwa nakala au kwa kazi ya ufundi. Hata hivyo maana ya kuacha manufaa yaendelee baada ya mtu, ambayo Mtume (S.A.W.) aliitaja aliposema juu ya sadaka yenye kuendelea na elimu yenye kunufaisha, inaonekana humo waziwazi.

Pwani yetu si ngeni kwa jambo hili. Katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, vimehifadhiwa vitabu vya kale vilivyonakiliwa kwa mkono, na vingi vimeandikwa kuwa ni wakfu kwa wanafunzi. Mnakili alikesha kwa taa ya mafuta ili mtu asiyemjua asome. Waandishi wa programu huria hufanya kazi ya namna hiyo kwa kibodi.

Limo pia jambo ambalo mwanafunzi wa hadithi atalifurahia. Katika programu hizi kila badiliko huandikwa limefanywa na nani, lini na kwa sababu gani, na kumbukumbu hiyo yaweza kusomwa na yeyote. Ni mfano wa sanad. Hata nakala unayoipakua huambatana na namba ndefu ya uhakiki. Ukiipiga hesabu nakala yako na namba zikalingana, unajua kuwa hakuna aliyeichezea njiani. Sisi tulioumizwa na nakala isiyojulikana asili yake tuliona thamani ya jambo hilo mara moja.

Kama kubebesha mkorosho

Vijana wetu walipolielewa hilo walichangamka, na mmoja akapendekeza tutengeneze mfumo endeshi wetu wenyewe, wa Mtwara, wenye nyakati za swala na picha ya bahari ya Mikindani. Tulimpongeza kwa hima yake. Lakini kabla ya kujenga, ni vyema kujua wengine walijengaje.

Mkulima wa korosho ananufaika na mfano ulio karibu. Katika kituo cha utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya mji wetu, miche bora hupatikana kwa kubebesha: kikonyo cha mti wenye sifa nzuri huunganishwa juu ya shina changa lenye mizizi imara. Mifumo endeshi huria imekua hivyohivyo. Mwaka 1993 Ian Murdock alianzisha Debian, ambayo hujengwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi kwa katiba yao na kura zao. Juu ya shina la Debian, mwaka 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliibebesha Ubuntu, aliyoipa jina la Kiafrika lenye maana ya utu, akakusudia itumike na watu wa kawaida. Kwa miaka kadhaa santuri zake zilitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Juu ya Ubuntu, mwaka 2006, Clement Lefebvre, Mfaransa anayeishi Ireland, aliibebesha Linux Mint, ambayo imejulikana kwa wepesi wake kwa anayeanza na huendeshwa zaidi kwa michango ya watumiaji na wafadhili wake.

Ukiitazama kazi hiyo kwa karibu, utaona kuwa uandishi wa msimbo ni sehemu tu. Yupo anayekusanya programu elfu kwa elfu na kuhakikisha hazigombani. Yupo anayejaribu toleo jipya kwenye mashine kuukuu na kuandika taarifa ya kasoro. Yupo anayechora alama ili mtu asiyejua kusoma Kiingereza aitambue printa. Yupo anayeandika mwongozo, anayetafsiri, anayemjibu mgeni aliyekwama usiku wa manane bila kumdharau. Wepesi kwa anayeanza unatokana na watu hawa wa mwisho kuliko wote. Mfumo waweza kuwa na nguvu kama jahazi la tani nyingi, lakini kama ngazi ya kupandia haipo, abiria watabaki ufukweni.

Waliotutangulia

Katika kutafuta, tulikuta kuwa wapo waliopita njia hii kabla yetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa IT+46 kutoka Sweden, kiliendesha mradi ulioitwa Kilinux wa kuzitia programu huria katika Kiswahili. Desemba 2004 ulizaa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi za kuandikia barua na kupigia hesabu zikiwa na maneno ya Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa baadaye sura ya Kiswahili ya Windows. Jina la Jambo OpenOffice halisikiki tena madukani, lakini mbegu haikufa: mwaka 2010 kutoka OpenOffice ilichipuka LibreOffice, na Kiswahili cha Tanzania kimo hadi leo katika orodha ya lugha zake.

Mfano wa pili unatuhusu sisi kama Waislamu. Mwaka 2007 watu wachache wa kujitolea walianzisha toleo la Ubuntu kwa ajili ya Waislamu, likaja kuitwa Sabily, kwa Kiarabu "njia yangu". Lilikuja na programu ya nyakati za swala, ya kusomea na kutafuta katika Qur'ani, na kichujio cha kuwazuia watoto wasifikie maovu ya intaneti. Matoleo yake yaliitwa kwa majina kama Gaza, Badr na Uhud. Lilipokewa kwa furaha. Kisha, baada ya toleo la mwaka 2011, halikuendelea.

Tulilijadili sana hilo. Mfumo endeshi huhitaji masahihisho ya usalama wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka. Kisima chochote, hata kikichimbwa kwa ikhlasi, kitajaa mchanga ikiwa wafukuaji ni watu watatu na wote wana familia na kazi. Faida ya programu huria ni kwamba kazi ya waliotangulia haikupotea, kwa sababu programu ya nyakati za swala na ya Qur'ani zaweza kuwekwa juu ya mfumo mwingine wowote wa jamaa hiyo. Mafunzo tuliyoyapata ni mawili: tusianzishe shina jipya ilhali mashina imara yapo, na tusianze kazi tusiyo na watu wa kuirithi. Kijana wetu mwenye hima alikubali, japo kwa shingo upande, na akapewa jukumu ambalo tutalieleza hivi punde.

Yaliyotokea ofisini mwetu

Fundi alipakua Linux Mint usiku, bando lilipokuwa nafuu, kwa kuwa nakala yake ni takribani gigabaiti 3. Aliihakiki, akaiweka kwenye flashi, akaiwasha kompyuta ya ofisi kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski. Hapo tulijifunza jambo ambalo kila familia ifaidike nalo: mfumo huu waweza kujaribiwa kwanza, ukaona kama printa, sauti na intaneti vinafanya kazi, kisha ndipo uamue kuuweka. Mashine mbili zilikubali bila tabu. Ya tatu, yenye kumbukumbu ndogo mno, ilienda kwa kusuasua tukaiacha. Si kila kuukuu huhuishwa. Waundaji wa Mint wanataja gigabaiti 2 za kumbukumbu kuwa ndicho kiwango cha chini, na 4 ndizo za kufanyia kazi kwa raha.

Hatukuacha kupata taabu. Printa yetu ilikataa kwa siku mbili mpaka fundi alipoipatia programu yake. Faili la barua kutoka ofisi moja lilifunguka likiwa limepangika vibaya katika LibreOffice. Mwalimu wa madrasa alilalamika kuwa vijana wakienda kuomba kazi wataulizwa Windows. Hoja yake ni ya haki, na jibu letu lilikuwa kwamba anayejua kupanga jedwali la hesabu na kuandika barua ya kazi kwenye mfumo mmoja hupata wepesi wa kuhamia mwingine, kama anayejua kuendesha ngalawa asivyoshindwa na dau. Hata hivyo tulikubaliana kuwa mwenye leseni halali ya Windows nyumbani asiifute kwa sababu yetu.

Hoja hiyo ya Windows ilipata uzito mwingine tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilisitisha masahihisho ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta nyingi kuukuu hazikidhi masharti ya kuingia Windows 11. Zitaendelea kuwaka, lakini ulinzi wake utazidi kuchakaa. Kwa familia zisizo na fedha ya kununua mashine mpya, mfumo huria waweza kuongeza miaka ya matumizi: toleo la Mint namba 22, lililotoka mwaka 2024, limeahidiwa masahihisho hadi 2029.

Neno "Hifadhi" na bibi wa Msimbati

Jukumu alilopewa kijana wetu ni lugha. Sehemu za Mint zimetafsiriwa kwa Kiswahili na nyingine bado ni Kiingereza, na mchanganyiko huo humchosha anayeanza. Yeye na wenzake wanne, wasichana wawili miongoni mwao, hukutana baada ya Alasiri ya Jumamosi, wakayapitia maneno moja baada ya jingine na kuyajaribu kwa watumiaji halisi, yaani akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa.

Siku moja bibi mmoja, mzaliwa wa Msimbati, alimaliza kuingiza hesabu za wiki, kisha akakaa kimya mbele ya kitufe kilichoandikwa "Hifadhi". Msichana akamwuliza, "Bibi, mbona hubonyezi?" Akajibu, "Mwanangu, hifadhi si pa kugusa." Kwao Msimbati neno hilo ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na mke wa mvuvi anajua kuwa yapo maeneo yake ambayo mtu hatupi nyavu. Vijana walicheka, naye akacheka nao, kisha wakaandika katika daftari lao kwamba "Tunza" huenda likaeleweka haraka zaidi. Kamusi haikukosea, ila aliyetafsiri hakuwahi kuketi pembeni ya bibi huyo.

Tunaamini hapo ndipo mchango wa watu wa pwani ya kusini ulipo. Mapendekezo ya tafsiri hupokewa na miradi hii kutoka kwa mtu yeyote, yakapitiwa na wengine kabla ya kuingizwa. Neno moja likikubaliwa, litamfikia mtumiaji wa Kilwa, wa Mombasa, wa Bukavu na wa Maskati. Kwa vijana ambao elimu yao wanaiona kuwa ni ya kupokea tu, kujua kwamba nao wanaweza kutoa ni malezi makubwa.

Kwa wazazi na kamati

Tungependa kuyaweka machache mbele yenu. Mnaponunua kompyuta iliyotumika, ulizeni mfumo uliomo ni wa leseni au wa kuvunjwa, na muuzaji aliandike jibu kwenye risiti. Msikubali flashi ya kila mpita njia iingie katika mashine yenye amana za watu. Kabla ya kubadilisha mfumo, nakilini mafaili yote mahali pengine, kwa kuwa kuweka mfumo mpya kwaweza kufuta kila kilichomo. Ujaribuni kwanza kutoka kwenye flashi. Mtafuteni kijana mmoja wa mtaa atakayekuwa mwenyeji wenu, na mumlipe ujira wake: programu ni ya bure, jasho la fundi si la bure. Na kichujio cha intaneti, hata kiwe kizuri namna gani, hakishiki nafasi ya mzazi anayeketi sebuleni na mwanawe na kujua anachokitazama.

Wala mtu asidhani kuwa mfumo huria hauwezi kuharibika. Diski hufa, umeme hukatika, mwizi huvunja dirisha. Kosa letu kubwa la mwaka ule lilikuwa kuweka haki za yatima mahali pamoja tu. Nakala ya kuvunjwa ilifungua mlango, lakini uzembe wetu ndio uliokuwa umeacha mali yote chumba kimoja.

Hivi sasa orodha ya yatima na wajane ipo mahali patatu: katika kompyuta ya ofisi, katika flashi inayotunzwa kwa mweka hazina, na katika daftari la mkono ambalo tumelirudisha kwa heshima yake. Kila mwisho wa mwezi watu wawili huzilinganisha na kutia saini. Zile familia mbili tumezitembelea, tumewaomba radhi, na majina yao sasa yana mtaa mpya mbele yake. Ramadhani nyingine inakaribia. Tunamwomba Allah (S.W.) atufikishe tukiwa na afya, atusamehe tulipopunguza katika amana, na awalipe kheri wote waliochimba kisima ambacho nasi, watu wa mwisho wa pwani, tumepata kuchota.